Ngata ya Kidole

Nakumbuka siku moja nilikaa nyuma ya zizi la mbuzi, wembe mkononi, mguu wa kushoto juu ya goti la kulia, nikijiandaa kujitibu kwa siri. Niliikumbuka siku hiyo jana jioni, mwanangu, nilipokuona umekaa kwenye kizingiti cha nyuma kwa namna ileile, na viatu vyako vipya, vyenye ncha kama mdomo wa korongo, vimelala pembeni. Uliponisikia ukaficha mkono. Sikusema kitu, kwa sababu mtu akishtuliwa akiwa na wembe mkononi hujikata. Lakini leo, kabla hujamaliza ulichokianza, weka wembe huo chini unisikilize.

Wakati huo Mwingereza ndiye aliyekuwa akitawala Tanganyika, na mimi nilikuwa kijana wa kuposa. Nilikuwa mtu wa wasiwasi, na sikufichi, wasiwasi huo haujanitoka wote mpaka leo. Umeniona mwenyewe nikifunga mlango, nikienda, kisha nikirudi kuushika tena. Shule sikwenda. Kusoma nilijifundisha kwa maandishi ya magunia ya chumvi na makopo ya mafuta ya taa, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu wa kuniambia "hapo umeweza", sikujua kamwe mahali pa kuachia. Kila nilichofanya nilikifumua nikakifanya upya. Wenzangu walinicheka kwamba hata ugali nausawazisha kingo kwanza ndipo nile. Mchagua jembe si mkulima, na mimi nilikuwa nachagua jembe mpaka mvua zinakatika.

Kijiji chetu kilikuwa kusini ya Tabora, ndani kabisa ya misitu ya miyombo, nchi ya mizinga na nyuki. Kila kiangazi, asali ikishakamuliwa, nta iliyeyushwa, ikachujwa, ikagandishwa mabonge, na vijana wakaibeba kichwani mpaka Mtendeni, mjini Tabora, kwa wafanyabiashara. Malori yalikuwepo, ila hayakuwa yanafika kwetu. Reli nayo ilikuwa imeshaua upagazi wa zamani, ule wa kwenda pwani na kurudi, lakini wazee wetu walikuwa bado na adabu zake. Aliyetangulia msafara tulimwita kirangozi, kama walivyomwita mababu. Alisema simama, tukasimama. Aliponyamaza, tulitembea. Na mpagazi aliyekaa chini njiani kabla kirangozi hajasimamisha msafara, mzigo wake uligawanywa kwa wenzake papo hapo, naye akaingia mjini mikono mitupu. Hakupigwa wala hakutukanwa. Aliimbwa tu, na wimbo ule ulifika nyumbani kabla yake.

Kirangozi wetu alikuwa Mzee Mihambo. Alipokuwa kijana mdogo alibeba mizigo katika misafara ya mwisho mwisho iliyokwenda pwani kwa miguu, na alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa pia baba yake Nyamizi, mama yako.

Mjomba wangu alipokwenda kuniposea, Mzee Mihambo hakuuliza nina mizinga mingapi wala shamba langu la karanga likoje. Alisema, "Safari hii ya nta aje. Akifika Tabora na mzigo wake, mazungumzo yaendelee. Asipofika nao, tusisumbuane."

Mwanangu, mwambie mtu wa wasiwasi maneno hayo halafu umwache na mwezi mzima wa kujiandaa, uone atakavyojiharibu.

Nilianza na ngata. Unaijua ngata: ile duara ya nguo au majani unayoweka kichwani ili mzigo usikae moja kwa moja utosini. Niliisokota, nikaifumua, nikaisokota tena mpaka ikawa kama imetoka kiwandani. Nilizungusha kamba za mzigo nikazifungua nikazizungusha. Kisha nikakumbuka kwamba nitaingia mjini na mkwe wangu, na watu wa Mtendeni watanitazama. Nikaona haiwezekani niingie na ndala za matairi kama mwindaji. Kulikuwa na msafiri mmoja aliyepita kijijini akiwa na viatu vya ngozi vyeusi, vya kikarani, vyenye ncha. Nikambadilishia kwa asali.

Viatu vilinibana tangu mara ya kwanza. Lakini mimi sikuona kwamba viatu ni vibaya, niliona miguu yangu haijafunzwa. Basi kila jioni nikavivaa nyuma ya zizi la mbuzi na kufanya mazoezi ya kutembea, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, nikijifunza kutochechemea. Mbuzi walinizoea. Nilipanga njiani nitembee na ndala, na tukikaribia mji nibadilishe.

Ngozi ina akili yake, mwanangu. Ukiisugua mahali pamoja kila siku, inajitetea: inajijengea ukuta. Hiyo ndiyo sugu. Sugu pana, ile ya chini ya unyayo, mara nyingi haina neno, ni kama mkono wa mkulima. Lakini kiatu kikibana kidole kila siku mahali palepale, ukuta unakua kwa ndani, unatengeneza kiini kigumu kama punje ya mtama iliyozikwa, na kila ukikanyaga punje hiyo inachoma nyama. Mimi nilipata ya aina hiyo juu ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto, na nyingine pana chini ya unyayo. Ile ya kidole iliniuma mpaka shuka ikiigusa nalalama.

Dawa ilikuwa rahisi: kuvua viatu. Sikuvua. Nilichukua wembe.

Jioni ya kuamkia safari nikakaa pale nyuma ya zizi nikaanza kuikata. Nilikata kidogo, nikaona upande mmoja umekuwa juu kuliko mwingine. Nikasawazisha. Upande wa pili ukawa chini. Nikasawazisha tena. Unanielewa sasa? Sikuwa nakata sugu, nilikuwa natafuta duara isiyo na kasoro. Damu ilipotoka ndipo nikajua nimefika kwenye nyama iliyo hai. Nikafunga kitambaa nilichopangusia jasho, nikalala, nikajiambia kwamba kesho itakuwa imepoa.

Safari ilianza alfajiri. Mzee Mihambo mbele, vijana katikati, mimi mkia. Mkia haukuwa adhabu, ilikuwa desturi ya ukwe. Kwetu mchumba hakumtazama mkwe usoni, hakula naye chungu kimoja, na hakumtajia habari za mwili wake, iwe kichwa, iwe tumbo, sembuse kumwonyesha unyayo. Njiani alikaa nyuma asije akakanyaga kivuli chake. Mkwe naye hakumsemesha mchumba. Akiwa na neno, alilipitisha kwa mtu wa tatu.

Mtu huyo wa tatu alikuwa Chilewa. Chilewa alikuwa Mgogo, rafiki wa Mzee Mihambo tangu enzi za misafara, aliyekuja kumtembelea akaoa kwetu akabaki. Wagogo na Wanyamwezi ni watani, na utani wenyewe ulizaliwa katika njia hiyohiyo ya misafara, kwa hiyo Chilewa aliweza kumwambia mtu yeyote jambo lolote na hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Hakubeba mzigo. Alitembea na fimbo yake, mara mbele, mara nyuma, akigawa matusi kama mtu agawaye tumbaku.

Jua lilipopanda akanijia.

"Wewe mchumba! Mbona unatembea kama bata aliyekanyaga kaa la moto? Si nyinyi Wanyamwezi mnaojigamba mmezaliwa mnatembea?"

"Natembea vizuri, mtani."

"Unatembea vizuri kwa mguu mmoja. Huo mwingine umeuacha kwa mama mkwe uwe rehani?"

Vijana wakacheka. Nikaona nimjibu kwa utani ili aniache. "Wewe Mgogo kachunge ng'ombe wako."

"Ng'ombe wangu akichechemea namtazama kwato," alisema. "Wewe anakutazama nani?"

Nikanyoosha mguu, nikakanyaga kwa nguvu mpaka machozi yakanilenga, kumwonyesha kwamba sina tatizo. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kijana husikia methali kama asikiavyo ndege wa porini: anajua ni sauti, hajui ni habari yake.

Jioni tulipopiga kambi kando ya kidimbwi, wenzangu wote waliosha miguu. Mimi sikuosha. Kuosha kulimaanisha kufungua kile kitambaa, na Mzee Mihambo alikuwa amekaa upande wa pili wa maji. Nilikaa na miguu yangu ndani ya vumbi kama mtu aliyechoka tu. Heshima niliyodhani nampa mkwe wangu ilikuwa inanilia mguu.

Siku ya pili kidole kilikuwa kimevimba na kupata joto. Ndala ilikigusa kwa kila hatua. Nilibaki nyuma, nikakimbia kidogo kuwafikia, nikabaki tena. Ngata yangu nzuri ilikaa kichwani, mzigo ukatulia juu yake bila kuyumba, kamba hazikulegea hata moja. Kila kilichoonekana kilikuwa sawasawa. Nikaanza kutazama miti iliyo mbele na kujiambia: nifike kwenye mninga ule. Nikafika. Nifike kwenye ule mwingine. Nikafika. Halafu nikaona mti ambao nilijua siufikii, nikajua nitakaa chini, na mzigo wangu utagawanywa, na Nyamizi atausikia wimbo huo akiwa kisimani.

Ndipo msafara uliposimama.

Mzee Mihambo alikuwa ametua mzigo wake. Alikuwa amekaa juu ya shina la mti ulioanguka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, kwani kirangozi yule alijulikana kwa kupumzika akiwa amesimama. Akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mguu wangu umenishinda. Leo hatuendelei."

Vijana wakatazamana. Mmoja akanong'ona, "Mzee amekwisha." Mwingine akacheka puani. Mzee Mihambo alisikia, maana masikio yake yalikuwa mazima, lakini hakugeuka.

"Chilewa," alisema, "niwashie moto. Nichemshie maji. Na chumvi."

"Chumvi! Unataka kujipika?" Chilewa akauliza. "Nyama yako ngumu, hata fisi atakutema."

"Chemsha, Mgogo."

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, mzigo bado kichwani, nisijue niende wapi. Chilewa akaja, akanitua mzigo, akanisukuma mpaka nyuma ya kichuguu kikubwa kilichokuwa karibu. "Kaa hapa," alisema. "Huku mkwe hakuoni, nawe humwoni. Na masikio hayana ukwe." Akaniletea maji katika kibuyu, nusu ya yale aliyompelekea mzee. Akaenda kukaa katikati yetu, mgongo kwangu.

Mzee Mihambo akaanza kusema, polepole, kama mtu anayezungumza na mguu wake mwenyewe.

"Kwanza maji yawe ya vuguvugu. Yakikuunguza mkono yataunguza na mguu. Chumvi kidogo, si ya kupikia sherehe. Chilewa, je, kichuguu kimesikia?"

Chilewa akageuza kichwa nusu, akaniona nikifungua kitambaa. "Kichuguu kimesikia."

"Mguu ukae humo mpaka ngozi ngumu ilainike kama ganda la karanga mbichi. Kama kuna mahali penye jeraha, paoshwe tu, paoshwe vizuri, kisha pakaushwe kwa kitambaa safi. Kitambaa cha jasho si kitambaa safi. Na penye jeraha jiwe lisifike."

Nilitazama kile kitambaa cha jasho mkononi mwangu.

"Mbona unasema jeraha," Chilewa akamuuliza, "wewe una jeraha?"

"Nasema kama lipo."

"Haya. Kichuguu, kama lipo."

Chilewa akanirushia kipande cha kaniki safi. Mzee akaendelea. Sugu pana ya chini ya unyayo, alisema, ikishalainika isuguliwe kwa jiwe lenye mikwaruzo, taratibu, upande mmoja, na iachwe kabla haijaisha. "Kabla haijaisha," akarudia. "Anayetaka kuimaliza leo ataikuta kesho na ndugu zake. Ngozi hiyo iliota kidogo kidogo, iondoke kidogo kidogo." Kisha ipakwe nta iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya karanga, ikishapoa, isikauke ikapasuka. Kiini cha kidole kisiguswe na chuma. "Wembe ni wa ndevu. Na wewe Chilewa huna ndevu, kwa hiyo huna haja ya wembe kabisa."

"Zangu ziliogopa njaa ya Unyamwezi zikarudi Ugogo," Chilewa alijibu.

Wote tulicheka, hata mimi kule nyuma ya kichuguu, na mguu wangu ndani ya maji ulikuwa umeanza kunyamaza.

Baada ya hapo mzee akasema neno ambalo nimelibeba maisha yangu yote. "Mpagazi anajua kukitunza kichwa. Anasokota ngata, mzigo unakaa juu ya duara, utosi unapumua. Lakini kidole nacho kina mzigo wake. Kiatu ni mzigo, ukanda wa ndala ni mzigo. Nani amewahi kukisokotea ngata?" Nikasikia nguo ikichanwa. "Unachukua kitambaa laini, unasokota duara ndogo. Shimo la katikati ndipo sugu inapokaa. Ndala ikibana, inabana duara, haibani sugu. Chilewa, nimesokota mbili kwa bahati mbaya. Hii moja itupe huko nyuma."

Ikaja ikaanguka karibu na goti langu. Ngata ndogo, safi, kubwa kidogo kuliko pete. Nilijaribu kuifunga, ikakaa vibaya. Unajua nilivyo. Nikataka kuona yake imekaaje hasa, ili yangu iwe sawasawa, na kwa ajili hiyo nikafanya utovu wa adabu ambao mchumba mwingine asingeufanya: nikachungulia ubavuni mwa kichuguu.

Nilitegemea kuona nyayo kama gome la mti, za mtu aliyekwenda pwani na kurudi. Mwanangu, miguu ya Mzee Mihambo ilikuwa laini. Visigino vyake havikuwa na ufa hata mmoja. Na kidole kile kidogo, alichokuwa amekivisha ngata kwa uangalifu mkubwa mbele ya vijana waliokuwa wakimcheka, hakikuwa na sugu. Hakikuwa na kitu chochote.

Nilirudi nyuma ya kichuguu changu, nikaifunga ngata yangu kama nilivyoiona yake.

Tulilala pale. Asubuhi uvimbe ulikuwa umepungua, na ukanda wa ndala haukugusa tena mahali penye kidonda. Nilitembea. Maumivu yalikuwepo, lakini yalikuwa kama mtu aliyekaa mbali anayekuita kwa jina, si kama yule anayekushika shingo. Siku iliyofuata, jua likiwa limeanza kuegemea upande wa machweo, tukaona mashamba ya Itetemia, na mbele yake mabati ya Tabora yaking'aa. Vijana wakaanza kuimba.

Hapo ndipo ngata ndogo ilipotoka mahali pake. Niliisikia ikiteleza chini ya kidole, na ukanda ukarudi juu ya jeraha. Mji ulikuwa pale pale. Wasiwasi wangu ukaniambia: vumilia, umebakiza kidogo, nani atajua? Nilijua pia kwamba tukifika mjini nitapita sokoni, nitapita kwa mfanyabiashara wa nta, sitapata nafasi ya kuinama mpaka jioni, na jeraha lililoanza kufunga litafunguka upya. Na nilijua kwamba kirangozi hajasema simama, na kwamba anayekaa chini kabla ya neno hilo hana mzigo.

Lakini hakuna desturi iliyosema mpagazi haruhusiwi kuomba. Ila hakuna aliyekuwa amewahi kuomba, hasa mchumba, hasa mbele ya mkwe, hasa kwa habari ya mguu.

Nikasema kwa sauti, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mbuzi: "Chilewa! Mwambie kirangozi asimame kidogo. Kidole changu kimetoka kwenye ngata yake."

Wimbo ukakatika. Vijana wakageuka, mmoja akaanza kucheka. Mzee Mihambo akasimama palepale, bila kugeuka, mzigo kichwani.

"Chilewa," akasema, "ni nani huyo aliyesema?"

"Ni kichuguu," Chilewa akajibu.

Mzee akasema, na ninaisikia sauti hiyo mpaka leo, "Nimetembea na vijana wengi walioweza kunyamaza. Walionyamaza niliwaacha njiani. Mwambie afunge kidole chake vizuri. Mji hauhami."

Akasimama, jua lile lote, akinisubiri. Niliinama nikafunga. Sikufumua kurudia. Mara moja tu.

Viatu vyangu vya kikarani vilikuwa vimefungwa juu ya mzigo. Chilewa akavitazama. "Na hivi utavivaa lini?" Nikamwambia achukue. Akavigeuza, akaingiza vidole vitatu tu ndani ya ncha, akanirudishia. "Hata nyoka," alisema, "ambaye hana miguu, hivi vingembana."

Mtendeni, mfanyabiashara aliyezoea kutupokea akamuuliza Mzee Mihambo kwa nini amechelewa, yeye ambaye hachelewi. "Mguu wangu," akajibu. Watu wakacheka, wakasema Mihambo wa leo si yule wa jana. Alipokea maneno hayo kama alivyopokea maji ya kunawa. Mzigo wangu ukatuliwa mbele yake, kamba zote zimekaza. Akaugusa kwa kidole, akamwambia Chilewa, "Mjomba wake aje. Mazungumzo yaendelee."

Hivyo ndivyo nilivyompata mama yako, mwanangu, na ngata ile ndogo ameiweka mpaka leo ndani ya kibuyu cha ushanga. Muulize atakuonyesha.

Sasa nakupa nasaha, nayo ni ya mguu na ya mambo mengine. Viatu vile vyenye ncha viache. Hakuna mguu unaofunzwa kwa kuteswa. Ukitafuta viatu vingine, vijaribu jioni, wakati miguu imetanuka kwa kazi ya siku, na usivichukue mpaka vidole vyako viweze kucheza ndani kama watoto uwanjani. Osha miguu kila siku na uikaushe, hata katikati ya vidole. Sugu uilainishe kwa maji ya vuguvugu, uisugue taratibu, uiache kabla haijaisha, uipake mafuta. Kidole chenye kiini kisokotee ngata, lakini ujue kwamba ngata inasaidia tu. Kinachoponya ni kuondoa kilichokuwa kinakibana. Wembe usiupeleke mguuni. Na ukiona usaha, au uvimbe wenye joto, au mguu umekufa ganzi husikii unapojikwaruza, hapo usingoje maji wala chumvi, nenda hospitali. Hasa mwenye ugonjwa wa sukari asijitibu mwenyewe hata kidogo, maana kidonda chake kidogo hakikai kidogo. Mimi niliponea kwenye njia ya porini kwa rehema ya Mungu na kwa akili ya mzee mmoja. Wewe hospitali iko karibu, huna sababu ya kubahatisha.

Na ukiumia, sema mapema. Usingoje mpaka uufikie ule mti usioweza kuufikia. Nilidhani ukamilifu ni kutoonekana na kasoro. Mtu aliyekuwa mkamilifu kuliko wote niliowajua alikaa chini mbele ya vijana wanaomcheka, akafunga kidole kisichouma, ili mimi nijifunze kufunga changu.

Lete mguu huo niutazame. Usione haya, mimi si mkwe wako. Maji nimeshaweka jikoni, na chumvi ninayo.

Mungu akupe safari ndefu na miguu ya kuzimaliza. Mzigo wako usikae kamwe moja kwa moja juu ya nyama yako. Na popote utakaposema "simameni kidogo", awepo mtu mbele yako atakayesimama bila kugeuka, akakungoja.